Pua ya Mama Ndagala

Mwaka wa 1996, nikiwa na miaka thelathini na moja, ndipo taabu ilipoingia kwangu bila kubisha mlango. Kabla ya hapo nilikuwa maskini kama watu wengine wa Rugenge, hapa Uvira, lakini umaskini si taabu, umaskini ni hali tu. Taabu ni vita kupita, bwana yangu kuvuka ziwa kwenda kututafutia mahali, na mtumbwi kufika ng'ambo bila yeye. Nilibaki na watoto watatu, basani moja, yaani beseni, na pua.

Hiyo pua muishike vizuri akilini, ninyi vijana mliosoma, maana yote nitakayowaambia ni habari yake. Mimi shule niliachia mwaka wa tatu wa primeri. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Asiyependa herufi zangu afumbe macho.

Basani ilikuwa ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Asubuhi nateremka Kalundu bandarini, wavuvi wanashusha, nanunua, naanika, nauza. Wenzangu wakitaka kujua kama gunia ni zuri walichukua ndagala moja wakauma kichwa. Mimi nilipitisha uso juu ya gunia nikiwa natembea, sikusimama. Nilijua zilikauka kwa siku mbili au tatu, nilijua kama mvua ilizinyeshea mchana mwenye mali akazirudisha juani akidhani hakuna atakayejua. Nikipita bila kununua, wanawake waliambizana: "Mama Ndagala amekataa ile," na gunia linabaki pale mpaka jioni. Hivyo ndivyo jina lilivyonishika.

Sokoni lilikuwa jina la heshima, kanisani haikuwa hivyo. Jumapili moja mwanamke mmoja aliyevaa kikwembe kipya alihama benchi langu, kitambaa puani, bila kunitazama. Niliosha mikono kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya kunukia. Harufu ya ndagala ikishaingia kwenye ngozi haitoki kwa ndimu. Kumbukeni na hilo benchi, tutalirudia.

Shokola, wengine huita chokoleti, iliniingia kwa juu ya ukuta. Jirani yangu alikuwa Muzee Bonifasi, mtu wa mbali huko kaskazini, kwenye misitu ya kakao, aliyefukuzwa na vita kama sisi na kuishia kulinda depo ya mihogo. Alikuwa amegundua miti ya kakao kwenye shamba la zamani lililoachwa, upande wa Makobola, miti ambayo watoto walinyonya tu ule utamu mweupe wa ndani na kutema mbegu. Yeye aliokota mbegu. Siku moja nikiwa napepeta mchele nikasikia harufu inavuka ukuta, kama mkate, kama siki, kama kitu kinataka kuanza kuungua.

Nikapaza sauti: "Muzee, toa kwenye moto!"

"Kitu gani?"

"Sijui kitu gani. Toa, inaungua!"

Alitoa. Akaja mlangoni na kikaango mkononi, akanitazama kama mtu aliyeona mchawi.

"Nani alikufundisha?"

"Ndagala."

Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake akaniita.

Sasa niwaambie kazi, maana vijana siku hizi mnaona kibao cha shokola kimefungwa kwenye karatasi yenye picha mnadhani kazi ni karatasi. Tunda ukilipasua, mbegu na utelezi wake unazitia kwenye kasha la mbao, unafunika kwa majani ya migomba, siku sita. Siku ya pili unageuza, ya nne unageuza tena. Ukiingiza mkono katikati, uchomeke kama umeingia kwenye uji wa moto. Usipochomeka, umeweka mbegu chache, au umepasua matunda mabichi kwa haraka yako. Baada ya hapo ni jua, wiki nzima, na kugeuza kwa vidole, si kwa jembe.

Muzee alikata kila mara mbegu kumi kwa kisu, akaniuliza neno moja tu: "Imekufa?"

Ndani ikiwa ya zambarau na ngumu, haijakufa. Ikiwa ya kahawia na imepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, imekufa. Mbegu inayodhani bado itaota inakuwekea uchungu mdomoni. "Inakukatalia," alisema. "Lazima ife vizuri, njo itakupatia harufu." Nilimwambia hayo maneno ni ya padri. Akajibu padri ameyakuta kwa wakulima.

Makosa yangu? Niliyafanya yote. Kusaga kwa mkono kulinichosha, nikapeleka kakao kwenye mashini ya mihogo, nikarudi na kitu cha ladha ya bugali iliyolala. Nikaweka chumvi badala ya sukari, mara moja tu, inatosha. Nikatembeza vibao vya kwanza saa saba mchana, kwenye jua la Uvira. Mteja wangu wa kwanza, dereva wa taksi, alifungua karatasi, vidole vikaingia ndani.

"Mama, hii ni ya kula ao ya kupaka?"

"Ya kula."

"Basi ungeleta na kijiko."

Alilamba karatasi yote, lakini nilijifunza. Tangu siku ile shokola niliituliza asubuhi kabisa, kabla jua halijatoka upande wa Burundi, juu ya sementi iliyolala ikipigwa na upepo wa ziwa. Unaimwaga, unaikusanya, unaimwaga, mpaka ianze kung'aa na kushikana. Ukiona jua liko juu ya maji na wewe bado unamwaga, acha, umeshindwa, kesho iko.

Na jambo la mwisho la Muzee, ambalo nililielewa nikiwa nimechelewa. Tukimpa mtu kuonja, aliniambia: "Usisikilize anasema nini. Mudomo uko na adabu. Uso hauna adabu. Tazama uso mbele hajameza."

Alikufa mwaka ambao maji ya ziwa yalipanda mpaka kwenye nyumba za chini. Kabla ya kufa aliniachia kikaango, jiwe la kusagia, na kibarua cha kupalilia kaburi lake, maana hakuwa na mtu.

Wakati huo nilikuwa na Furaha tayari. Furaha alitoka Songo, mtaa mwingine wa Uvira, mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni, akitafuta kazi yoyote. Nilimweka kwenye kupeta maganda kwa lungo. Baada ya mwezi nikamkuta amesimama mbele ya kikaango, macho amefumba, pua juu. Akasema, "Bado kidogo, mama. Sasa." Na ilikuwa sasa. Miaka kumi na moja tulikaa pamoja, na mwanamke yule alikuwa na pua ya kunizidi. Sikumwambia hata siku moja. Nilijua, nikanyamaza, nikamwambia "si vibaya." Ninyi mtakaokuwa na watu chini yenu, "si vibaya" ni neno la mwizi. Unamwibia mtu kitu chake na yeye anakushukuru.

Shokola yetu ilivuka mpaka. Bujumbura kuna mama mmoja, Mama Klodeti, mwenye duka dogo la shokola tu, zetu za huku na za mbali, na mara moja kwa mwezi anakusanya wapenzi wa shokola waionje. Hao watu ni kichekesho. Wanavunja kipande sikioni wasikie kinavyolia. Wanakiweka ulimini na kufumba macho kama wanapokea komunyo. Mmoja anasema, "Nasikia machungwa." Mwingine, "Mimi nasikia asali na mbao." Mara ya kwanza nilitaka kuwaambia hakuna chungwa lililokanyaga nyumba yangu. Lakini nikaonja tena polepole, na chungwa nikalikuta, mwisho kabisa, nyuma ya ulimi. Lilikuwa pale siku zote. Nilirudi Uvira siku ile nikitembea katikati ya barabara. Mimi, mtu wa basani! Watu walilipa kiti ili wasikie nilichokuwa nimekitengeneza mimi.

Kisha ukaja mwaka wa kufunika midomo, watu wote wakikohoa. Nililala siku tisa. Nilipoinuka, nikapika sombe, majani ya muhogo, nikakaa kuisubiri, jirani akaingia mbio akipiga kelele: "Mama, unatuchomea nyumba!" Moshi ulikuwa umejaa, sufuria nyeusi. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale. Sikuwa nimesikia harufu yoyote.

Nikangoja wiki. Nikangoja miezi. Nikanusa ndimu, petroli, kwapa langu mwenyewe. Hewa tu. Ulimi nao ukabaki na chumvi, sukari na uchungu, vingine vyote vikaondoka. Pua ilikuwa imekufa, na haikufa vizuri.

Sikumwambia mtu. Mnashangaa? Fundi seremala akipoteza mkono watu wanauona. Mimi niliyepoteza nilikuwa mzima machoni pa wote, na jina langu lote, heshima yangu yote, lilikaa kwenye hiyo pua. Nikabuni namna. Nilijifunza kukaanga kwa masikio, kwa ule mlio wa mbegu zinapopasuka. Nilipima kwa rozari: moto wa kati, rozari moja na nusu, toa. Na pale nilipokuwa na shaka, nilimgeukia Furaha kwa sauti ya mwalimu: "Haya, niambie, unasikia nini?" Akajibu. Nami nikasema, "Si vibaya." Miaka miwili alikuwa pua yangu, na alidhani namfanyia mtihani.

Nifike sasa pabaya.

Mkulima aliyetuuzia kakao huko Makobola, Papa Jakobo, alipata mavuno makubwa, na mvua ikakataa kuacha. Kakao imetoka kwenye kasha, imelowa, jua hakuna, ukungu unaanza. Mtu wa pwani ya ziwa hili akifikiria kukausha anafikiria kitu gani? Wake za wavuvi wana meza zao za waya za kuanikia ndagala, na mvua ikinyesha wanaziingiza chini ya mabati, wanawasha moto mdogo pembeni. Zilikuwa tupu. Akaazima. Akaanika kakao juu yake siku saba. Alikuwa amefanya akili. Mahali pengine popote huyo ni mtu wa kupongezwa. Lakini kakao ina mafuta, na mafuta yanashika kila harufu yanayokutana nayo.

Magunia yalifika kwangu wiki moja kabla ya siku ya kuonja kwa Mama Klodeti, na safari hii alikuwa amealika watu waliotoka mbali. Nikakata mbegu kumi. Kahawia, zimepasukapasuka. Nikasema kwa sauti, "Zimekufa vizuri." Nikawasha moto. Furaha alikuwa ametoka kupeleka mtoto wake wa pili shule. Aliporudi akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mama, ngoja. Hii kakao iko inanuka ndagala."

Uani walikuwa wamekaa wanawake wawili wa jirani wakichambua maharagwe. Mmoja akacheka, akasema, "Ah, kwa Mama Ndagala, ulitaka inuke nini?"

Alitania tu. Lakini mimi sikuwa tena pale uani. Nilikuwa kanisani, kwenye benchi, na mwanamke anahama.

"Nani njo ananuka ndagala?" nikamuuliza Furaha.

"Siko nasema weye, mama. Nasema kakao."

"Miaka kumi na moja unakula kwangu. Leo njo unasikia harufu yangu?"

"Mama, usikasirike. Nusa weye mwenyewe."

Hakuna aliyewahi kunitupia neno zito kama lile, na yeye hakujua ametupa nini. Nikachota mbegu, nikazileta usoni, nikafumba macho kama zamani. Nikavuta. Joto tu liliingia, na vumbi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Wale wanawake wangenihurumia, Furaha angelia, tungetupa magunia, mambo yangeisha. Nilifungua macho.

"Iko safi," nikasema. "Pua yako njo imekufa."

Sasa aliingia, akasimama karibu na kikaango. "Mama, usipeleke hii Buja. Nakuomba."

"Toka kwangu."

Alifungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya jiwe la kusagia. Hakulichukua hata lungo lake.

Vile vibao nilivitengeneza peke yangu. Vilikuwa vizuri ajabu kwa macho, vinang'aa kama maji ya asubuhi. Nikavuka mpaka wa Burundi pale Kavimvira nikiwa na kikwembe kipya.

Kwa Mama Klodeti watu walikaa kumi na wawili. Wakavunja, ikalia vizuri. Wakaweka ulimini. Na mimi, kwa mazoea aliyonifundisha Muzee, nikawa natazama nyuso.

Wa kwanza ukafunga, kama mlango. Wa pili nao. Kijana mmoja akaacha kutafuna, akatazama meza, akaanza tena polepole kama mtu anayemeza dawa mbele ya mama yake. Mzee mmoja Mrundi, mwenye kofia, akainua macho akaniona namtazama, akatabasamu kwa midomo tu.

"Ni vyiza, mama," akasema, yaani ni nzuri. "Ni vyiza cane."

Wote wakaitikia, vyiza, vyiza. Warundi hawamwaibishi mgeni. Hakuna aliyesema chungwa, hakuna aliyesema asali. Wakaomba maji. Nilisimama pale katikati ya watu wanaonisifu na nikajua, bila kujua ni nini, kwamba nimewapa kitu kibaya.

Mama Klodeti alinishika mkono akanitoa hadi nyuma ya duka.

"Mama, hii mulianika wapi?"

Nilikuwa namsikia Furaha.

Nilimweleza Klodeti yote, pua na miaka miwili ya kudanganya. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hawezi kuweka tena jina langu dirishani, na alikuwa na haki. Magunia ya Papa Jakobo yaliyobaki nilimrudishia mwenyewe, na hapo ndipo aliponionyesha zile meza za waya, akijivunia. Sikuwa na moyo wa kumgombeza. Nilimwambia tu asiazime tena.

Kisha nikaenda Songo. Nilimkuta Furaha nje ya nyumba yake, kwenye mbabula yake ya makaa, anakaanga kakao kidogo kwenye kifuniko cha sufuria. Nikasema kabla ya kukaa, maana nilijua nikikaa sitasema.

"Pua yangu ilikufa zamani. Tangu ule ugonjwa. Ulikuwa na haki."

Aliendelea kugeuza mbegu. Machozi yalimtoka, lakini mkono haukusimama, na hapo nilijua nimemfundisha vizuri.

"Miaka miwili, mama. Ungeniambia. Ningekuwa pua yako, hakuna muntu angejua."

"Nakuambia sasa. Rudi."

"Nimekusamehe. Kurudi, hapana." Akatoa kakao kwenye moto, kwa wakati wake, sijui kwa harufu gani. "Nikirudi, kila nikitaka kusema kitu, nitatazama kwanza kama umekasirika. Kakao haitengenezwi vile."

Nikarudi Rugenge kwa miguu.

Kesho yake nilimtumia kikaango cha Muzee na jiwe la kusagia kwa mkokoteni. Sikumuuzia, msije mkasema nimeuza. Klodeti nikamwambia, kama anataka chungwa, aende Songo. Alikwenda. Siku hizi barabara ikifunguka shokola ya Furaha inavuka, ikifungwa inakaa, na watu wa mashirika ya misaada waliokuwa wananunua wengi wameondoka. Hata yeye hali si nzuri. Lakini jina lake limo dirishani. Kwangu alikuja mara mbili tu, zote mbili kwa msiba wa jirani.

Vijana, sikuwaandikia ili mnihurumie, huruma sili. Mtu anayekuambia kazi yako inanuka, usimuulize anamaanisha nani. Nusa. Na kama huwezi kunusa, sema huwezi, mbele ya wanaocheka.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba viwili Rugenge, mabati ya mbele mapya, ya nyuma ya zamani. Watoto watatu, wote hai, wawili mbali. Mbabula mbili, moja imetoboka. Basani ile ile ya 1996, sasa ninatilia maji ya kunawa. Kaburi moja ambalo si la ndugu yangu, ninalipalilia. Rozari. Lungo la Furaha. Aproni yake, bado imekunjwa mara nne. Na kopo la maziwa lenye kibao kimoja cha shokola ile niliyoipeleka kwa Klodeti. Mgeni akija namfungulia kopo, namsogezea, halafu natazama uso wake. Bado kinanuka.